Anayelipia Kauli

Ujumbe huingia usiku wa Jumatano, baada ya taarifa ya habari ya saa tatu. Kikundi ni cha WhatsApp, cha seli ya kanisa, watu thelathini na ushei, wengi wao wakaazi wa maghorofa ya Kindaruma Road, Wood Avenue na Lenana Road, mtaani Kilimani, Nairobi. "Bwana asifiwe wapendwa. Naomba tumkumbuke dada yetu mmoja wa hapa karibu na Yaya. Ndoa yake inapitia jaribu zito. Sitaingia ndani sana kwa heshima yake. Mungu anamjua." Dakika haijaisha, skrini imejaa viganja vilivyounganishwa kwa maombi. Amina. Amina, tunasimama naye. Kisha kule pembeni, kikundi kisikoona, maswali yanaanza. Ni nani huyo? Ni yule wa orofa ya nne? Mume ndiye aliyehama ama ni yeye aliyefukuzwa? Kufikia Jumapili, dada anapoingia ibadani na watoto wake wawili, mhudumu wa mlangoni anamkumbatia kwa muda mrefu kuliko desturi, na papo hapo mwenyewe anafahamu kwamba habari zake zimefika kabla yake.

Sitaji kanisa wala mtu, kwa kuwa jambo hili halina mwenyewe. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye seli Nairobi, au kwenye jumuiya ndogondogo ya Wakatoliki, ameliona. Wakaazi wa jiji hili wanauita umbea *mucene*, neno walilolitoa kwa Wakikuyu na kulifanya la kila mtu, na ombi la maombi la aina hii ni mucene uliovalishwa joho la kwaya. Aliyeandika ujumbe hakupoteza chochote. Ameongeza hata sifa ya kuwa mtu wa kujali wengine. Aliyeandikwa ndiye aliyelipia.

Hapo ndipo kwa maoni yangu kipimo cha ulimi kinapoanzia. Mahubiri mengi juu ya ulimi huanza na Waraka wa Yakobo, sura ya tatu, ule mlango wa moto, usukani na lijamu, na huishia kwa onyo la jumla kwamba tuchunge midomo yetu. Onyo hilo ni jema lakini halitenganishi chochote, maana hata kinywa kilichofungwa kimewahi kuua watu katika nchi hii. Swali lenye makali ni jingine: kauli hii ikishatoka, nani ataigharamia? Msemaji, au asiyekuwepo?

Kuna jambo jingine linalonikera katika mahubiri hayo. Hutolewa zaidi kwenye mikutano ya kina mama: Mothers' Union ya Waanglikana, Woman's Guild ya Wapresbiteri, semina za Jumamosi zenye chai na mandazi. Ni kana kwamba ulimi ni kiungo cha mwanamke. Kilimani yenyewe imesaidia kukuza dhana hiyo, kwani kundi la Facebook lililojitwalia jina la mtaa, Kilimani Mums, lilivuma hadi likawa msemo wa umbea nchini kote, ingawa wanachama wake wengi hawajawahi kulipa kodi ya nyumba hata moja hapa. Ukifungua historia ya Kenya, hata hivyo, maneno yaliyochoma nyumba yalitamkwa na wanaume wenye maikrofoni, na wengi wao walikuwa na viti vya mbele kanisani.

Kabla ya maikrofoni kulikuwa na Uamsho. Vuguvugu hilo la Kikristo lilichipuka Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, kupitia watu kama Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari Mwingereza Joe Church aliyehudumu hospitali ya Gahini. Mnamo 1937 lilifika Kabete, mwendo mfupi tu kutoka Kilimani ya leo. Wafuasi wake waliuita mtindo wao wa maisha kutembea nuruni, na nuru hiyo ilikuwa na kazi moja maalumu: kusema. Mtu alisimama katikati ya wenzake akataja dhambi yake kwa jina. Nimeiba. Nimemchukia ndugu yangu kwa sababu ya shamba. Wengine walifunga safari kurudisha sufuria au fedha walizochukua kwa mwajiri, wakijua kabisa kwamba huenda wakaishia mikononi mwa polisi. Jambo lililowashtua wengi zaidi ni kwamba wamishonari wa Kizungu nao walisimama wakakiri kiburi chao mbele ya Waafrika waliokuwa wakiwaita watoto. Katika koloni la miaka ile, mzungu kumwomba Mwafrika msamaha hadharani halikuwa neno jepesi.

Ukichunguza vizuri utaona kilichoupa ushuhuda ule nguvu: msemaji alijisema mwenyewe. Hasara ilikuwa yake. Na palipoharibika, paliharibika hapohapo. Wapo waliotubu uzinzi kwa kumtaja na mwenzao, mwanamke aliyeketi safu ya tatu na ambaye hakuwa ameombwa idhini. Wapo walioufanya ukiri kuwa mashindano, na walioutumia kuwabana wengine: mbona wewe hutubu, ndugu, umeficha nini? Ni kauli zilezile, ukumbi uleule, wimbo uleule wa kufungia. Tofauti ilikuwa ya mlipaji.

Vita vya Mau Mau vilipokuja, na hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, watu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walijikuta baina ya nyundo mbili. Walikataa kula kiapo, na wengi walikataa pia bunduki za serikali. Kusema "hapana" kwa pande zote mbili kuliwafanya wengine wauawe. Mtu anaweza kuwalaumu kisiasa, na wapo wanaowalaumu hadi leo kwa kutosimama na wapigania uhuru. Ila hakuna awezaye kusema kwamba maneno yao yalikuwa ya bure.

Sasa twende Lenana Road. Humo, katika jengo la Jumuia Place, ndimo yalimo makao makuu ya Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, ambalo mizizi yake inarudi kwenye mkutano wa wamishonari uliofanyika Kikuyu mwaka 1913. Kijana anayepita hapo leo akielekea kwenye mkahawa pengine hajui kwamba baraza hili liliwahi kuchapisha jarida lililoitwa Beyond. Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipoleta kura ya mlolongo, wapigakura wakipangwa nyuma ya wagombea au picha zao, baraza liliipinga tangu 1986, na baadhi ya makanisa yakajitoa kwa kuchukizwa na upinzani huo. Uchaguzi ukafanyika 1988. Beyond likaeleza jinsi foleni fupi zilivyotangazwa kuwa ndefu. Jarida likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo cha miezi tisa kwa kosa la kutowasilisha taarifa za mauzo ya kila mwaka. Ndivyo mambo yalivyokuwa: ulifungwa kwa karatasi ili isisemekane kwamba ulifungwa kwa neno.

Kwa vijana ambao hawakuikuta enzi hiyo, ni vyema wajue namna Jumapili ilivyosikika. Redio ya taifa ilikuwa na kawaida ya kufungua habari kwa kueleza kwamba Mtukufu Rais leo alihudhuria ibada mahali fulani. Mimbari na ikulu vilikuwa kwenye taarifa moja. Ndiyo maana asubuhi ya tarehe 1 Januari 1990 ilikuwa nzito. Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri alihubiri Mwaka Mpya katika kanisa la St. Andrew's, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi, wiki moja baada ya Nicolae Ceaușescu kupigwa risasi Romania, akauliza tawala za chama kimoja Afrika nazo zitadumu hadi lini. Wanasiasa wa chama tawala, KANU, walimjia juu kwa matusi na wito wa kumtia kizuizini. Mwaka uleule kukawa na maandamano ya Saba Saba, na Desemba 1991 kifungu cha katiba kilichofanya nchi kuwa ya chama kimoja kikaondolewa. Njoya mwenyewe aliendelea kulipa kwa awamu. Tarehe 7 Julai 1997 polisi walivamia kanisa kuu la All Saints, naye akapigwa. Juni 1999 akapigwa tena mbele ya Bunge, mbele ya kamera.

Alexander Muge hakupata awamu. Askofu huyo Mwanglikana wa Eldoret, aliyewahi kuwa polisi kabla ya kuvaa kola, alikuwa akisema wazi juu ya unyang'anyi wa ardhi na njaa iliyofichwa. Agosti 1990 Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alimwonya yeye na mwenzake Henry Okullu kwamba wakikanyaga Busia huenda wasitoke hai. Muge alikwenda Busia tarehe 14 Agosti, akahubiri, akawasalimia watu, na akiwa njiani kurudi gari lake likagongana na lori karibu na Kipkaren. Akafa. Okondo akajiuzulu. Iwe ilikuwa ajali ama njama, na Wakenya wengi hawajakubali kuwa ilikuwa ajali tu, kauli ya waziri ilikwisha kufanya kazi yake: ilimfanya kila aliyesikia habari za kifo aunganishe mambo mawili. Mtu mmoja alitishia kwa maneno kutoka kwenye usalama wa wadhifa wake. Mwingine alijibu kwa maneno na kupanda gari.

Inauma basi kuona yaliyofuata. Serikali ya Moi ilipoondoka mwisho wa 2002, sauti ya kanisa iliyokuwa imezoea kusema na wakubwa ilipoteza shabaha. Baadhi ya viongozi wa kanisa walikuwa sasa marafiki wa walio madarakani, wengine wa walio nje, na kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005 ikawagawa zaidi. Mchungaji Mutava Musyimi, aliyekuwa mchungaji wa Nairobi Baptist pale Ngong Road kabla ya kuiongoza NCCK kwa zaidi ya muongo mmoja, aliingia Bungeni katika uchaguzi wa 2007. Ni haki yake kama raia, sina neno. Lakini uchaguzi ule ulikuta maaskofu na wachungaji wakiwaombea wagombea kwa makabila, kila mmoja akiwa na unabii wake mfukoni kuhusu nani Mungu amemteua.

Kisha nyumba zikaanza kuwaka. Tarehe 1 Januari 2008, miaka kumi na minane kamili baada ya mahubiri ya Njoya, watu waliokimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God huko Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa ndani. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika vurugu hizo nchini kote. Bonde la Ufa lilikuwa limesikia kwa miaka mingi, tangu mapigano ya 1992, jirani akiitwa doa, na doa huondolewa. Neno *madoadoa* halina kisu wala petroli. Liliwaandaa tu watu wasione binadamu mbele yao siku petroli ilipofika.

Februari 2008 NCCK ilifanya jambo ambalo sijaona chama chochote cha siasa kikilifanya hadi leo. Ilitoa tamko la kukiri. Viongozi wa makanisa walisema kwamba waliegemea upande, kwamba ukabila ulikuwa umewashinda hata wao, na kwamba kwa sababu hiyo hawakuweza kusimama katikati na kukemea. Wakaiomba nchi msamaha. Waliodhihaki walisema tamko limechelewa, na ni kweli lilichelewa. Hata hivyo nasoma ndani yake mtindo wa Kabete wa 1937: tumekosa sisi, si jirani. Lingeweza kuandikwa kwa lugha ya kuhimiza pande zote, ile lugha ya makatibu isiyomgusa mtu. Halikuandikwa hivyo.

Bunge lilitunga sheria mwaka huohuo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa inamtoza mwenye kauli za chuki faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Tume ya NCIC ikaundwa kusimamia. Kabla ya uchaguzi wa 2022 tume hiyo ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa, *madoadoa* yakiwemo, ila "hatupangwingwi" nalo likaingizwa humo, neno la mtaani tu la kukataa kupangiwa, na suala likafika mahakamani. Hapo sheria ilijionyesha mipaka yake. Ukipiga marufuku neno, wajanja watalitafutia ndugu yake kabla ya jua kuzama.

Mwelekeo mwingine wa jambo hili haupo kwenye maneno makali hata kidogo. Upo kwenye bahasha. Kwa miaka mingi mwanasiasa anayekuja na sadaka nono amepewa maikrofoni baada ya mahubiri, na washirika waliokuja kusikia Injili wameketi wakisikiliza nani atamnyoosha nani. Septemba 2019, katika kanisa Katoliki la Gitui, Murang'a, wabunge Ndindi Nyoro na Maina Kamanda walizozana mbele ya waumini juu ya nani aongoze harambee. Oktoba 2020, mjini Kenol, vijana wawili walikufa katika vurugu zilizotangulia kufika kwa Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, kwenye harambee ya kanisa la AIPCA. Vijana hao hawakuwa wamehutubia mtu yeyote.

Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alichoka. Septemba 2021, katika ibada ya kumweka wakfu Rose Okeno kuwa askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza Mwanglikana kuwa askofu wa dayosisi nchini, aliwaambia wanasiasa waliofika kwamba mimbari ni ya makasisi; watatambuliwa, wataketi, na siasa zao watazifanya nje. Wakubwa walikuwa pale pale. Maaskofu Wakatoliki na viongozi wa Kanisa la Presbiteri walitoa misimamo inayofanana. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki waliishutumu serikali waziwazi kwa kuzoea kusema uongo, na siku chache baadaye Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zaidi ya shilingi milioni 2 alizotoa Rais Ruto katika kanisa la Soweto, Kayole, zirudishwe. Ni hatua hii ya pili iliyoipa uzito ya kwanza. Mtu anayekuambia ukweli huku ameshika hundi yako hajakuambia kitu. Machi 2025, Rais alipoliahidi kanisa moja la Roysambu shilingi milioni 20, vijana waliandamana hadi karibu na lango lake Jumapili iliyofuata. Walikuwa wamejifunza kusoma bei.

Siwezi kuandika juu ya neno na mauti bila kufika Shakahola. Tangu Aprili 2023, katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaohusishwa na Paul Mackenzie wa Good News International Church ya Malindi, anayekana mashtaka huku kesi zikiendelea. Upande wa mashtaka unadai waumini waliaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Mafundisho yake yalikuwa yakirushwa kwenye televisheni na YouTube, hayakuwa siri. Rais aliunda jopo la kupendekeza namna ya kusimamia mashirika ya kidini, na aliyewekwa kuliongoza ni Mutava Musyimi yuleyule.

Watu wa Kilimani hupenda kuongea kuhusu Shakahola kama jambo la maskini wa mbali wasiosoma. Nina shaka. Nimewasikia watu wenye shahada mbili, kwenye maghorofa yenye lifti, wakimkataza mgonjwa asiseme anaumwa kwa sababu kutamka ugonjwa ni kuukaribisha. Sema umepona. Kiri ushindi. Mama mwenye uvimbe kwenye ziwa anajizoeza kujibu "niko salama" na kuahirisha miadi ya hospitali ili asionekane hana imani. Anayemwambia hivyo atakwenda nyumbani kulala. Umbali kati ya sebule hiyo na msitu ule ni mkubwa, siukatai. Ila kanuni iliyomo ni ileile, neno la mtu mmoja linalolipiwa na mwili wa mtu mwingine.

Kuhusu zile seli za Jumatano, dawa yake ni nyepesi na baadhi ya viongozi wameanza kuitumia: ombi linalomhusu mtu asiyekuwepo halitumwi hadi mwenyewe aseme litumwe, na kwa maneno gani. Injili ya Mathayo, sura ya 18, tayari ina utaratibu wa mtu kumwendea nduguye wakiwa wawili kabla ya kumpeleka mbele ya kanisa. Hakuna kipya hapa. Wanaoufuata husema vikundi vyao vimekuwa kimya kidogo. Wengine wamejitoa kwa kuwa hakuna tena cha kusoma.

La maikrofoni ni gumu zaidi, na uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia. Kanisa la Ngong Road lenye washirika wanaolipa fungu la kumi kwa M-Pesa linaweza kumkalisha mheshimiwa kitini na lisipungukiwe. Kanisa dogo la Kawangware au Kibra, lenye kuta za mabati na deni la vifaa vya muziki, likimnyima mheshimiwa dakika tano litakosa paa kabla ya mvua za masika, na kila aliyeketi mle ndani anaijua bei ya bati moja.